Askari Ambaye Mama Lalji Hakumla

Jumapili, 1 Desemba 1957
Asubuhi kavu. Upepo, vumbi jekundu hadi ndani ya chandarua. Hakuna wingu.

Nimehamia leo chumba cha uani kwa Mama Lalji, hapa Uhindini, kwa kuwa nyumba za walimu wa kike zimejaa na mimi ndiye niliyepelekwa Dodoma mwisho. Dirisha moja, meza moja, kitanda cha kamba. Mwenye nyumba ni mjane wa Kihindu. Jina lake Damyanti, lakini uani wote wanamwita kwa jina la mwanawe, Lalji, ambaye yuko Arusha na lori lake. Duka la mbele limepangishwa kwa fundi cherehani tangu mumewe alipofariki mwaka jana.

Chumba cha pili anakaa Zipora, mke wa Gideoni wa relwe. Aliniuliza mimi ni wa wapi, nikasema Farkwa.

"Msandawe? Haya mwalimu, tugongee ulimi kidogo tusikie."

Nikacheka kama ninavyocheka kila mara. Tangu nilipokwenda shule Tabora, watu wengi wameniomba niseme lugha yetu. Aliyenijibu kwa lugha hiyo hajatokea.

Jumanne, 3 Desemba
Kavu. Kusahihisha mitihani.

Alhamisi, 5 Desemba
Mawingu alasiri, yakarudi yalikotoka.

Niliporudi kutoka shuleni nilimkuta Mama Lalji barazani anapangusa kete za sataranji kwa kitambaa, moja moja, kama mtu anayeosha vikombe vya wageni. Ubao ni wa mti mweusi na mweupe, umekwaruzika pembeni. Nikaamkia, nikasimama muda mrefu kuliko inavyohitaji shikamoo.

"Unaujua, mwalimu?"

"Kidogo, mama. Bibi mmoja Mwingereza alitufundisha Tabora, siku za mvua."

"Kaa."

Nikagusa kete. "Askofu."

"Nani?"

"Huyu. Tulimwita askofu."

"Hapa hakuna askofu. Huyu ni ngamia. Yule wa pembeni ni tembo."

"Na huyu malkia?"

"Malkia yuko kwenye stempu. Huyu ni waziri."

Alifundishwa na baba yake huko Gujarati kabla hajaletwa huku kuolewa, na anacheza kwa desturi za nyumbani kwao. Askari hawaruki nyumba mbili mwanzoni. Wanatembea hatua moja, kwa sababu, anasema, wanakwenda kwa miguu na wamebeba mizigo. Mfalme anaweza kuruka kama farasi mara moja tu, kama hajatishwa bado. Mumewe hakuujua mchezo huu. Yeye alikuwa akicheza na shemeji yake, na shemeji huyo amerudi Bara Hindi.

Nilishindwa kabla chai haijapoa.

Jambo moja ninaliandika ili nisilisahau. Akifikiri, hugonga ulimi kwenye kaakaa. Mara ya kwanza niligeuza kichwa, maana sauti ile kwetu ni mwanzo wa neno. Nilingoja neno lifuate, akasogeza tembo.

Ijumaa, 6 Desemba
Kavu. Nimeshindwa.

Jumatatu, 9 Desemba
Kavu. Nimeshindwa mara mbili.

Jumamosi, 14 Desemba
Mvua ya kwanza, saa tisa alasiri. Ilipiga mabati kama changarawe. Zipora alisimama katikati ya uwanja mikono wazi, nguo zimemganda, akimwita Gideoni aje aone, na Gideoni akajibu kutoka ndani kwamba mvua anaifahamu. Leo nilicheza hadi taa ikawashwa. Nimeshindwa, lakini polepole.

Jumatano, 25 Desemba
Manyunyu asubuhi, jua, kisha mvua.

Misa ya kwanza. Barabara ya Kondoa imekatika Kelema, kwa hiyo sikuweza kwenda kwetu, na likizo yote nitakuwa hapa. Zipora na mumewe wamekwenda Mvumi. Uani tumebaki wawili. Nilikuwa nimejilaza na viatu vya kanisani miguuni, sijui nivivue ili nifanye nini, mlango ukagongwa. Mama Lalji, na sahani ya ladu, vitamutamu vya Kihindi.

"Sikukuu yenu," alisema. "Njoo ushindwe."

Tulicheza mara nne. Alinieleza kwamba alipofika Dodoma alikuwa na miaka kumi na sita, hajui Kiswahili wala Kigogo, na kwa mwaka mzima mtu pekee aliyezungumza naye mchana ni kasuku wa jirani. "Na kasuku alijua matusi tu," alisema.

Jumatatu, 30 Desemba
Mvua usiku kucha. Ninaona sasa kwamba anaweza kunimaliza mapema na hanimalizi. Anazunguka, anapanga upya, anaagiza maji yachemshwe tena. Sikumwambia kwamba nimeona.

Ijumaa, 10 Januari 1958
Mawingu mazito. Bendera ya Boma imelowa, imejikunja kwenye mlingoti.

Bibi Mkaguzi alikaa darasani kwangu kipindi kizima. Baadaye, mbele ya walimu wenzangu, alisema nafundisha vizuri ajabu kwa mtu aliyetoka kule. Wakacheka kwa adabu. Mmoja aligonga ulimi, taratibu, ili mkaguzi asisikie na mimi nisikie.

Jumamosi, 11 Januari
Mvua kubwa tangu alfajiri.

Nitaandika ilivyokuwa. Nilibaki na mfalme na askari mmoja, yeye akiwa na waziri na tembo wawili. Askari wangu alikuwa wazi kabisa. Tembo wake alisimama kwenye mstari mmoja naye, hakuna kitu katikati. Nikangoja amle. Akasogeza waziri. Nikahamisha mfalme. Zamu yake tena, askari yuko pale pale, akampita kama mtu anayempita ombaomba.

"Mama, mbona humli?"

"Simtaki."

"Basi nimalize."

"Ninakumaliza. Tulia." Akatabasamu, akagonga ulimi.

Ni ule mlio. Siku nyingine yoyote nisingeujali. Nikamlaza mfalme wangu ubaoni, nikasimama.

"Nimechoka kuchezewa," nikasema. "Paka aliyeshiba huchezea panya. Shuleni nimezoea. Hapa sikutegemea."

"Mwalimu," alisema. "Chai yako."

Sikugeuka.

Jumapili, 12 Januari
Mvua. Misa. Sikutoka tena.

Jumanne, 14 Januari
Mvua.

Alhamisi, 16 Januari
Mvua. Kusahihisha. Nilipita barazani, nikaamkia, akaitika. Ubao ulikuwa umepangwa.

Jumatatu, 20 Januari
Jua, kisha ngurumo. Zipora alinifuata kisimani.

"Bibi yako anaweka vikombe viwili kila siku. Cha pili anakuja kukimwaga uani."

"Si bibi yangu."

"Sawa. Basi mwambie asiye bibi yako aache kumwaga sukari, sisimizi wanaingia kwangu."

Ijumaa, 24 Januari
Mvua tangu saa sita.

Hasani, dereva wa mizigo, ameingia mjini na matope hadi magotini. Aliliacha gari Kelema, akatembea. Ameleta salamu za Lalji kwa mama yake: barabara ikikauka tu, anakuja kumchukua wakaishi wote Arusha. Nyumba itabaki kwa wapangaji. Zipora aliyasikia yote dirishani, na sasa uani mzima tunajua.

Nilidhani habari hii itanisukuma hadi barazani. Niliketi kitandani, nikasikiliza mvua, na nikajikuta nafurahi kwamba ni kubwa.

Jumapili, 26 Januari
Mvua. Kanisani waliomba mvua iendelee kwa ajili ya mtama. Mimi niliomba matope.

Jumamosi, 1 Februari
Mvua ya mawe alasiri. Bati la chumba changu limetoboka.

Maji yalikuwa yanaingia juu ya meza, nami nikihangaika na beseni, Mama Lalji alipoingia bila hodi, sari imekunjwa hadi kwenye vigimbi vya miguu, mkononi sufuria kubwa. Akaitega chini ya tundu. Kisha akatazama sakafuni.

Nilikuwa nimechora ubao kwa mkaa juu ya saruji. Kete nyeusi ni maharage, nyeupe ni karanga, wafalme ni vifungo vya koti langu la shule. Ulikuwa mchezo wetu wa tarehe kumi na moja. Nimeurudia kila jioni tangu siku ile, nikitafuta mahali nilipokosea.

Aliinama. Alitazama muda mrefu, maji yakidunda ndani ya sufuria.

"Tembo alikuwa hapa," alisema, akasogeza haragwe kwa kidole. "Na askari wako yuko sawa. Huyu ndiye sikumla."

"Kwa nini, mama?"

"Ningemla, mchezo ungekwisha."

Sikuelewa. Akachuchumaa kando ya mkaa, na magoti yake yakalia.

"Mfalme akibaki peke yake, hana hata mtu mmoja, kwetu hatumpigi. Mchezo unavunjwa. Hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeshindwa. Baba yangu alisema hata mshenzi anaweza kumpiga mtu asiye na watu. Kwa hiyo ukitaka kushinda, unamwachia mmoja. Sikukwambia?"

"Hukuniambia."

"Nilidhani unajua. Kila mtu anajua."

"Tabora hatujui. Tabora tunakula wote."

"Wote?" Alinitazama kama niliyemwambia kwamba Tabora tunakula punda. Kisha uso ukabadilika, na nikajua kwamba anarudi nyuma, siku ile, maneno yale. "Ndiyo maana ukasema paka."

"Nisamehe, mama."

"Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu za mvua." Akainuka akishika ukingo wa meza. "Lete karanga zako tuzile. Ubao upo nje."

Jumapili, 2 Februari
Mvua asubuhi, jua la kupendeza jioni.

Tulipomaliza mchezo wa kwanza (nimeshindwa) nilimwuliza kama kweli anakwenda.

"Mwanangu ameamua. Mume akifa, mama ni mzigo wa mtoto wa kiume. Mzigo hauulizwi unataka kwenda wapi."

"Na ubao?"

"Arusha nitacheza na nani? Wajukuu wanacheza karata, tena wanaiba." Akafikiri. "Nitakuachia wewe. Lakini si bure. Siwezi kutoa ubao wa baba yangu kwa mtu ninayemshinda kila siku. Baba ataniuliza huko mbele, nikimkuta. Nizuie mara moja. Si lazima ushinde, hutashinda. Nizuie tu nisishinde, kabla Lalji hajafika. Usiponizuia, ubao unapanda lori pamoja nami."

Nikakubali. Usiku huu najiuliza kwa nini. Ubao sikuuhitaji. Nilimtaka mwenye ubao, lakini yeye hakuwemo katika sharti.

Jumanne, 4 Februari
Mvua. Nimeshindwa. Sikujua alikuwa akinihurumia kiasi hiki. Tangu tuweke sharti, mchezo hauchukui hata nusu kikombe cha chai, na akishashinda anakusanya kete na kuingia ndani kupika. Mwezi wa kumi na mbili nilikaa naye hadi taa ikawashwa. Leo nilirudi chumbani jua bado liko juu. Nikitaka kukaa naye, inanibidi nijifunze.

Jumatano, 5 Februari
Mvua. Nimeshindwa.

Alhamisi, 6 Februari
Mawingu. Nimeshindwa. Nimechora ubao upya sakafuni, mkubwa zaidi.

Jumatano, 12 Februari
Mvua. Nimeacha kutoa waziri mapema. Kwetu, baba akiwinda, mbwa mzuri hufunguliwa mwisho. Nimeshindwa, lakini alikunywa kikombe kizima na akaagiza cha pili.

Jumanne, 18 Februari
Mvua. Nimeshindwa karibu na magharibi. Akisogeza ngamia wake wa pili alisema, bila kuinua macho, "Sasa unanichosha, mwanangu." Siku zote huniita mwalimu.

Jumatatu, 24 Februari
Hakuna mvua. Nimeshindwa.

Jumamosi, 1 Machi
Hakuna mvua tangu wiki iliyopita. Anga limeoshwa, halina kitu. Majani ya mtama wa Zipora nyuma ya reli yameanza kujikunja. Amenikuta mlangoni alfajiri nikitazama juu.

"Mwalimu, kila siku unaangalia mbingu. Una shamba?"

"Sina."

"Ng'ombe?"

"Sina."

"Basi mvua ya nini?"

Akatazama baraza, akanitazama mimi.

"Haya," alisema. "Tuombe wote. Wewe omba yako, mimi yangu, itanyesha hiyo hiyo."

Ijumaa, 7 Machi
Kavu. Nimeshindwa. Nilikuwa na tembo mmoja zaidi yake, nikashangilia moyoni, nikachelewa kumwona waziri wake. "Ukifurahi, masikio yako yanasogea," aliniambia.

Jumatano, 12 Machi
Kavu, upepo. Hatukucheza. Anafunga vyombo kwenye magunia.

Jumapili, 16 Machi
Manyunyu saa kumi, hayakulowesha hata kizingiti. Zipora alitoka na kurudi ndani bila neno. Nimeshindwa.

Jumamosi, 22 Machi
Kavu. Magari mawili yameingia toka Kondoa. Hasani anasema Kelema sasa mtu anavuka na soksi. Nimeshindwa mara tatu. Mchezo wa tatu alinisubiri sana, nikadhani anataka kuniachia, nikasema, "Usinipe, mama." Akasema, "Ningekupa lini? Hujaomba." Akanimaliza.

Ijumaa, 28 Machi
Kavu. Vumbi upande wa kaskazini tangu adhuhuri.

Lalji amefika saa kumi na moja. Ni mtu mpole, mnene, ana haraka. Aliniamkia kwa heshima, akaniuliza kama bati limezibwa. Wanaondoka kesho kabla ya jua kali. Magunia yako barazani mahali tulipokuwa tunaweka meza.

Jumamosi, 29 Machi
Asubuhi kavu, baridi kidogo, anga jeupe. Hakuna wingu.

Nilisikia ubao ukiwekwa kabla ya kengele ya misheni. Nilitoka nimejifunga khanga. Mama Lalji alikuwa ameketi juu ya gunia, amevaa sari ya safari, kete zimepangwa juu ya sanduku la chai. Nyuma yake vijana wa Hasani walikuwa wanapakia kitanda.

"Mmoja," alisema. "Kaa."

Sitaandika kila hatua hapa, ingawa ninazikumbuka zote. Nilicheza polepole kama askari wake wanaobeba mizigo. Lalji alikuja mara ya kwanza akasema jambo kwa Kigujarati. Mama akamjibu bila kugeuka. Mara ya pili alisimama akatazama. Mara ya tatu alikuja kuchukua sanduku la chai, akakuta ubao juu yake, akaondoka.

"Mtoto huyu," Mama Lalji alisema, "alizaliwa siku saba kabla ya siku yake. Hajaacha."

Jua lilikuwa limefika ukutani tulipobaki hivi: yeye na mfalme, ngamia mmoja na askari wawili, mimi na mfalme na askari mmoja, kwenye mstari wa tembo, hatua moja tu toka mwisho wa ubao. Kwa desturi ya kwao, askari akifika mwisho anakuwa kete ya mstari ule. Wangu angekuwa tembo. Na tembo, hata kwa mkono wangu, angewamaliza askari wake wawili na kumkimbiza ngamia hadi jioni.

Ngamia wake alikuwa ameikodolea nyumba ile ya mwisho kutoka upande wa pili wa ubao. Nilijua. Nilikuwa nimeijua hali hii tangu maharage na karanga. Nikamsogeza askari, nikamweka mwisho.

"Tembo," nikasema.

Aligonga ulimi. Akanyoosha mkono, akausimamisha hewani. Akimwacha tembo, anaweza kushindwa. Akimla, nabaki na mfalme peke yake.

Lori liliwashwa nje. Moshi uliingia uani. Zipora alikuwa amesimama kwenye mlango wake na ufagio, na hata yeye, ambaye huuita mchezo huu kuhamisha vijiti, hakufagia.

"Umenizuia," Mama Lalji alisema.

"Bado hujala, mama."

"Nitakula. Ngoja nimwangalie kwanza."

Alimwangalia. Kisha akamla, akaiweka kete yangu ya mwisho kwenye kiganja, na mfalme wangu akabaki pembeni ya ubao, hana mtu. Alivunja mchezo kwa mkono wake, taratibu, kama anavyofanya mtu anayekunja shuka ya mgonjwa aliyepona. Kete zote akazitia kwenye mfuko, mfuko akauweka juu ya ubao, ubao akaniwekea mapajani.

"Usiruke nyumba mbili," alisema.

"Siruki, mama."

"Na usile wote."

Nilimshika mkono kumpandisha lori. Nilisema kwaheri kwa Kiswahili, kisha nikasema kwa lugha yetu, neno tunalomwambia anayekwenda mbali. Sikuwa nimelisema kwa mtu tangu niondoke Farkwa. Hakulielewa. Alinitazama, akagonga ulimi mara moja, vizuri kabisa, na lori likaondoka.

Jioni Zipora aliniletea ugali na mlenda. Akakaa kizingitini nikila. Aliniuliza kama nitamfundisha mchezo ule, nikasema ndiyo, akasema, "Sikusema leo. Siku mvua ikinyesha." Akachukua sahani, akaenda kwa mumewe.

Nimewasha taa, nimepanga kete mezani. Kwanza niliurudia mchezo wa asubuhi wote, nikitafuta mahali aliponiachia. Sikupaona. Kisha nikaanza mchezo mpya, nikacheza pande zote mbili, nikizunguka meza kila zamu ili niwe mwadilifu. Upande wa Mama Lalji niliufikiria kwa bidii kuliko wangu. Nilimtoa waziri mwisho. Niliwatembeza askari polepole. Hata ulimi niligonga.

Upande wake umeshindwa upesi. Ni mara yangu ya kwanza kumshinda.

Ninalala saa saba kasorobo usiku. Hakuna wingu.